Haikuwa Sombe ya Mama Furaha

Kwako Shangazi, huko Kanada,

Jumatatu nilikuwa nadeki ukumbi wa zahanati ninakofanya kazi tangu nimalize shule, nikaona duara lako ukutani. Mguu kwenye bango ulikuwa wa Mzungu, lakini duara ni lile lile, kama alama ya sufuria ya moto juu ya meza. Kwake lilikuwa jekundu. Kwako lilikuwa na rangi ya zambarau, nawe ukasema umejigonga.

Nilisoma bango lote. Sikulia. Nilimaliza kudeki.

Unakumbuka Jumamosi za kuchuma lengalenga, mchicha wa kwetu? Rafiki yako wa kanisani, Mama Furaha, ndiye aliyegundua yale majani hapa Tottenham, kando ya mto, nyuma ya viwanda. Mlikunja vitenge hadi magotini, mkazama kwenye nyasi mkicheka. Mimi nilibaki njiani nikiomba asipite mtu wa shuleni. Siku moja, tuliporudi nyumbani, ulimkuta kupe nyuma ya goti.

"Na huyu kaingiaje Ulaya bila viza?" ukasema. Ukamminya kwa kucha na kumchoma kwa kiberiti, kama mlivyofanya kwa ng'ombe wa babu.

Duara lilikuja, likaondoka. Baada ya wiki chache shavu lako la kushoto lililegea, chai ikawa inakuchuruzika kidevuni.

"Nifinye," uliniambia. "Finya kwa nguvu. Sisikii kitu."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa daktari mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako. Aliuliza kama umeumwa na mdudu yeyote, au umetembea kwenye nyasi. Akilini nilimwona yule kupe wazi kabisa. Niliona aibu, niliogopa atafikiri tunaishi na wadudu. Nikajibu, "Hapana."

"Anasema nini?" ukauliza.

"Anauliza kama unalala vizuri."

"Mwambie nalala kama gunia."

Alikupa vidonge vya mshipa wa uso, tukarudi nyumbani kwa basi.

Wewe ulikumbuka kwamba siku chache kabla ya shavu kulegea ulikula sombe, kile kisamvu chake, kwa Mama Furaha. Kanisani neno sumu lilipita kutoka kiti hadi kiti. Alipokuja kukuona ulimwacha mlangoni, bakuli lako mkononi mwake.

"Dada, mimi?" alisema. "Mimi nikuwekee sumu?"

Ulifunga mlango. Nilikuwa nyuma yako, nami sikusema neno. Mwaka uliofuata ulihamia huko kwa mwanao, uso umerudi sawa, magoti yamevimba.

Bango linasema kupe wa huku anaweza kumpa mtu ugonjwa unaoanza na duara, ukafika kwenye uso na viungo. Linasema tembea katikati ya njia, ingiza suruali ndani ya soksi, jikague ukifika nyumbani. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, usimminye, usimchome. Ukiona duara, nenda kwa daktari. Wewe ndiye uliyeniambia ndama hukaguliwa kila jioni, masikio na chini ya mkia. Hakuna aliyekukagua wewe.

Jumamosi nilikwenda mtoni na Mama Furaha. Nilimnunulia soksi ndefu. Tuliporudi nilimpigisha magoti kwenye kochi nikamkagua nyuma ya miguu.

"Wewe mtoto, unanigeuza ndama?" akacheka. Ndipo nikamwambia habari ya bango, na uongo wangu kwa daktari. Aliacha kucheka, akageuka akakaa, soksi moja mguuni. Kisha akauliza, "Magoti yake yanaendeleaje?"

Hakuniuliza kitu kingine.

Shangazi, nenda kwa daktari umwambie habari ya kupe na duara. Sijui kama ndiyo hiyo hasa, lakini wanaweza kupima damu na kuna dawa. Omba mkalimani wao, usikubali mtu wa nyumbani akusemee kama nilivyofanya mimi. Nakala ya barua hii nimempa katibu wa kanisa aisome Jumapili, kwa kuwa maneno ya sumu nayo yalisemwa pale. Mimi sitaweza kuisoma, unanijua. Nitakaa karibu na Mama Furaha.

Nilidhani nikiandika nitasikia uchungu, au nafuu. Najifinya, sisikii kitu.

Namba ya simu ya Mama Furaha ni ile ile. Bakuli lako bado liko kwenye kabati lake.

Nisamehe ukiweza,
mtoto wa kaka yako, uliyemlea