Daftari la Waliotangulia

Jumatatu, 3 Novemba

Ameteuliwa! Tumelisikia kwenye redio ya mlinzi, na mwenyewe yuko ofisini kwake anafuta vivumishi kwenye rasimu ya mtu. Nikaingia kumpa hongera. Akasema ahsante, halafu akaniuliza kama nimemaliza jedwali la nne.

Huyo ndiye mkurugenzi wetu. Tunamwita Umejuaje, maana huwezi kumwambia hata kwamba nje kunanyesha bila kuulizwa: umejuaje? Jina analijua. Mhasibu alipooa, mkurugenzi alilitumia kusaini kadi ya hongera.

Serikali inaanzisha ofisi mpya ya kufanya kazi bega kwa bega na makanisa na misikiti – kutembelea wazee, wagonjwa, watu waliobaki peke yao majumbani. Yeye ndiye wa kuiongoza. Imebaki kamati ya bunge imhoji Alhamisi ya wiki ijayo, ndipo athibitishwe.

Miaka ishirini na miwili ameendesha kituo hiki cha utafiti wa sera, vyumba vitano juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wenzake wa rika lake wana madereva. Yeye ana viatu vya kahawia vilivyobadilishwa soli mara tatu. Anasali sana, lakini hajawahi kuniuliza mimi nasali wapi. Nadhani anajua jibu ni hakuna pahali.

Kilichomfikisha huko ni ripoti yetu. Ripoti yangu! Humu hasomi mtu, acha nijisifu. Wazee wanaotembelewa kila wiki na watu wa kujitolea: sita kati ya mia ndio waliolazwa hospitali ndani ya mwaka. Wasiotembelewa: kumi na tisa. Sita kwa kumi na tisa! Waziri aliitaja namba hiyo mara nne katika hotuba moja. Nilihesabu mimi.

Jumanne, 4 Novemba

Naibu mkurugenzi ameanza kutembea kama mkurugenzi. Leo kanisalimia kwa jina la ukoo.

Umejuaje anataka mzee mmoja wa kwenye utafiti aje naye kwenye kamati. Si kwa maonyesho, amesema, ila wakitaka kumwuliza mtu badala ya karatasi. Nikamwambia ninaye. Yupo tarishi mstaafu niliyemhoji mwaka juzi kabla hatujaanza kuhesabu. Mzee mcheshi – aliniambia amebeba barua za mapenzi za mji huu wote na hajawahi kupata hata moja yake. Keshokutwa namfuata.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na chumba.

Kiko nyuma ya kanisa, lakini nusu ya wanaokitumia wanatoka msikiti wa mtaa wa pili. Walianza kushirikiana walipogundua wanamtembelea bibi mmoja saa ileile, hawa na chupa ya chai, wale na chupa ya chai, na bibi anakunywa zote kwa adabu. Meza moja, kabati la chuma, viti vya plastiki. Mratibu ni nesi mstaafu na kila mtu anamwita hivyohivyo, Nesi.

Nikamwamkia, nikamwuliza habari za tarishi. Akavua miwani.

"Yule ametutangulia, mwanangu. Mwaka jana, mwezi wa nne."

Mwezi wa nne mwaka jana ni katikati ya utafiti wetu. Nikafungua orodha yangu. Jina lake halimo. Si kwamba limekatwa – halimo kabisa. Nikamwambia Nesi lazima kuna kosa, nilinakili daftari lake zima.

"Ulinakili la kutembelea," akasema. Akavuta droo, akatoa daftari jingine, jalada jeusi, pembe zimechakaa. Kila mwisho wa mwezi wanaandika orodha upya, na aliyefariki anahamia humo. "Hatuwachanganyi. Hawa tunawapelekea dawa, hawa tunawaombea." Kanisani wanasoma majina hayo, msikitini wanayasoma hayohayo.

Thelathini na moja kwa mwaka wa utafiti. Mbele ya kila jina pana tarehe, pana nyumbani au hospitali, na mwisho kabisa pana safu yenye kichwa "Aliyekuwepo".

Nilihesabu walio hai tu. Niliwatoa wagonjwa kuliko wote, halafu nikatangaza kwamba waliobaki hawaumwi! Na wale wasiotembelewa tuliwahesabu kwa kupita nyumba kwa nyumba, ndugu wakatutajia hata waliofariki. Upande mmoja na wafu, upande mwingine bila wafu.

Nesi hakunilaumu. Alisema tu, taratibu, kwamba siku ile aliniuliza kama nataka na hili la pili, nikasema nina haraka, moja linatosha. Nakumbuka. Simu ilikuwa inaita.

Nimepiga hesabu hapohapo nyuma ya bahasha. Kati ya thelathini na mmoja, ishirini na wanne walilazwa kwanza. Ukiongeza wale kumi na watatu wa hesabu ya zamani, ni thelathini na saba, kati ya watu mia mbili arobaini na watatu. Kumi na tano kwa mia. Siyo sita!

Kumi na tano kwa kumi na tisa. Tofauti ipo, lakini imenywea.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijasema kitu. Umejuaje aliniuliza kuhusu tarishi. Nikamwambia amefariki. Akasema Mungu amrehemu, akaniuliza nilimpenda eh? Nikasema ndiyo. Nikatoka kabla hajaniuliza la pili.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia mume wangu. Amesikiliza huku anapiga pasi, na shati moja kaliunguza kola. Ushauri wake: nisubiri Alhamisi ipite, mzee athibitishwe, kisha turekebishe kimyakimya kwenye chapa ya pili. Nani husoma chapa ya pili? Akaongeza la maana – ofisi hii ikifa, kina Nesi watabaki na viti vyao vya plastiki, na kosa halikuwa lao.

Hapo amenikamata. Ingekuwa ni kazi yangu tu iliyo hatarini ningejua la kufanya. Nasema hivyo hapa, sina hakika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama alikuwa akituambia tukificha homa ili twende kucheza.

Ninachokiona nikifumba macho ni ile safu. Kila mstari umejaa. "Mjukuu na Nesi." "Dada wawili wa msikitini." "Jirani." Tarishi: "Mwashi wa kanisa, alikuwa anamsomea gazeti." Baba alifariki wodini saa nane mchana, mimi niko kwenye semina, nimezima simu. Yeye safu yake ingekuwa tupu. Naona aibu, na nawaonea wivu watu thelathini na mmoja waliokufa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesema.

Nilipanga kuingia kwa Umejuaje saa mbili. Nikaingia saa tano. Nilikuwa na maneno ya utangulizi, yakaniishia mlangoni, nikamwekea bahasha mezani. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Nilitamani anifokee. Angefoka ningelia, tungemaliza.

Akachukua ripoti, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akakaa nao.

"Wazee mia mbili na kumi na wawili," akasema. "Mwaka mzima. Hakufa hata mmoja. Na mimi nikasaini."

Nikasema mzee, kosa ni langu, daftari nililetewa mkononi nikalikataa. Akatikisa kichwa. Akasema wewe ulikuwa na haraka, mimi nilikuwa na nini? Watu wote wa ofisi hii nawauliza umejuaje hadi wananichukia. Hii sikuiuliza. Niliipenda.

Sijawahi kumsikia mtu mkubwa akisema hivyo. Nimefanya kazi chini ya watu wanne. Mmoja alimfukuza dereva kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa.

Jumanne, 11 Novemba

Tumekwenda kwa Nesi, mimi na Umejuaje. Kwanza alimwomba ruhusa ya kusoma daftari. Nesi akacheka, akasema baba, wewe si ndiye unakuwa serikali? Akajibu kwamba serikali ndiyo inayopaswa kubisha hodi. Nesi akaosha mikono, akalipangusa daftari, akampa.

Amekaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili unusu. Alisoma kila jina kwa kunong'ona huku mimi nikihesabu upya. Mara mbili, safari hii. Nesi naye akahesabu. Thelathini na moja, ishirini na nne. Namba haikubadilika, ingawa niliiombea.

Kabla ya kuondoka akamweleza Nesi wazi: ofisi inaweza isianzishwe. Nesi akafunga droo. Akasema walikuwa wakitembea kwa miguu kabla ya ripoti, miguu bado ipo. Ila magoti, akasema, hayo ndiyo yalikuwa yanaisubiri hiyo ofisi. Umejuaje hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, nikajuta.

Mchana kikao ofisini. Naibu alipaliwa na maji, kisha akapata wazo, na wazo lenyewe si baya hata kidogo. Tuache namba, tuseme hili: kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyekufa peke yake. Safu imejaa yote! Nani atauliza tena habari za asilimia? Chumba kizima kikachangamka. Mimi pia, nakiri.

Umejuaje akasubiri kelele ziishe.

"Ni kweli, na ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyoyakuta," akasema. "Ndiyo maana hatulitumii Alhamisi. Lile daftari ni la kuombea. Siwezi kuwasimamisha wale watu kaburini wanitetee cheo."

Naibu akasema mzee, unajikaanga. Umejuaje akasema inawezekana. Akamwomba apitishe jagi la maji.

Jumatano, 12 Novemba

Barua ya masahihisho imekwenda kwenye kamati saa nne asubuhi. Ukurasa mmoja. Hakuna kivumishi hata kimoja, nimetafuta. Namba ya zamani, namba mpya, sababu. Mwisho: "Kosa ni la mkurugenzi."

Mimi simo. Nimeisoma mara tatu nikijitafuta. Nikamfuata chumbani, nikamwuliza: umejuaje kwamba kosa ni lako peke yako? Akacheka – hatimaye! – akasema ripoti ina sahihi moja. Nikamwambia hiyo si kweli yote. Akasema una miaka thelathini ya kazi mbele yako, mimi nina minne. Nenda kale.

Sikula. Nampenda mzee huyu kama mtu anavyompenda baba yake mdogo, na leo amenikasirisha mno. Siku mbili nzima ananifundisha ukweli usipunguzwe, kisha ananipunguza mimi!

Alhamisi, 13 Novemba

Naandikia magotini, kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kamati. Mapumziko ya robo saa.

Chumba kina zulia la kijani na maikrofoni zenye taa nyekundu. Wajumbe tisa. Mwenyekiti ni mama mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu anaisikia. Nilikaa safu ya nyuma ya Umejuaje, na jedwali jipya kwenye faili.

Hakungoja aulizwe. Alisema kabla ya maswali anataka kurekebisha namba waliyoisikia kwa waziri. Akaisema. Akasema tofauti iliyobaki ni ndogo, huenda ikawa kweli, huenda ni bahati, na kwamba akiwa ofisini jambo la kwanza lingekuwa kuhesabu upya. Chumba kikanong'ona. Mwenyekiti akaandika kitu kirefu. Mjumbe mmoja alisema tangu aingie bungeni hajaona mtu akija kuomba kazi na kosa lake mkononi, na nilidhani tumevuka.

Kisha ikaja zamu ya mjumbe wa pembeni, mwenye tai ya mistari. Alikuwa mpole, ndilo lililoniogopesha. Aliuliza nani alihesabu mara ya kwanza. "Nilisaini mimi." Hakuulizwa aliyesaini. Nani alihesabu? "Ofisi yangu." Na hesabu hii mpya, kafanya nani? Hapo Umejuaje akachelewa kujibu. Mjumbe akasema: kama ni mtu yuleyule na hutaki kumtaja, kwa nini tuiamini kumi na tano kuliko tulivyoiamini sita? Labda ni ishirini. Labda hakuna tofauti yoyote, na unamficha anayejua.

Umejuaje hakugeuka nyuma. Nilimwona shingo tu, na kola. Asingegeuka hata wangemkalisha pale hadi Ijumaa.

Mwenyekiti akatangaza mapumziko.

Umejuaje alipotoka alinipita hapa kwenye benchi, akaniambia nikanywe maji, rangi imenitoka. Ya kwake je? Amesimama kule dirishani na naibu, anatikisa kichwa. Naibu ananitazama mimi. Yeye hanitazami.

Anasema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa mimi. Na hapo hapo ndipo wanapomshika.

Karani wa kamati amepita na faili. Nimemwuliza kama mtu ambaye hakuitwa anaweza kusikilizwa. Inawezekana, amesema, mwenyekiti akikubali. Nijaze karatasi: jina kamili, kazi, na kwa sentensi moja ninachotaka kusema. Amenipa. Zimebaki dakika sita.

Jina nimeandika. Kazi nimeandika, ingawa sijui kama kesho nitakuwa nayo.

Sentensi nimeifuta mara mbili. Ya kwanza ilikuwa inamsifu. Ya pili ilikuwa inaomba radhi. Hii ya tatu ni fupi: Nililetewa madaftari mawili, nikahesabu moja.

Umejuaje ameiona karatasi. Anakuja huku, anatembea haraka, mkono ameunyoosha aichukue. Karani naye anakuja, kutoka upande wa pili.