Wanane Wenye Kushika Kamba

Kilifi, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimechoka uchovu wa kulala na kuamka nao. Goti lako laendeleaje? Na mwanangu Zuhura, kile kikohozi kimekwisha, au bado akuamsha usiku? Najua nimekawia kuandika. Nilikuwa nangoja nipate habari njema kwanza.

Kazi ni ile ile ya kubangua korosho. Mafuta ya maganda yametuchuna vidole, hata nikishika pilipili najuta. Lakini kilichonichosha mwezi huu si korosho, ni mchezo.

Hapa kiwandani sisi wanawake tuna timu ya kuvuta kamba. Kamba hushikwa na wanane, wengi wao Wagiriama, wanawake walioshiba. Kadzo akijikita kule mwisho, ni kama magunia mawili ya mahindi. Mimi na wembamba wangu huu sishiki. Husimama kando nikawaita, "Haya, lala!", nao wote wakalala nyuma kwa pamoja. Nikikosea kuita, kila mmoja huvuta kivyake na kamba ikawatoka. Hata wanawake wa mahoteli ya Bofa tumewaburura.

Basi ikaja habari kwamba vibarua walio wanamichezo wataandikwa kazi ya kudumu. Mama, moyo ulinienda mbio. Kibarua hana nyumba, lakini wa kudumu hupewa chumba, na humo ningemweka Zuhura aanze darasa la kwanza huku nikimwona. Wa kandanda wakaandikwa, wa netiboli wakaandikwa. Sisi hatukuitwa.

Tukaenda kwa meneja wa wafanyakazi, mimi mbele, maana wenzangu wasema mdomo ninao. Bwana yule akacheka.

"Kuvuta kamba ni mchezo gani, mama? Hata punda huvuta. Mwanamichezo hukimbia, huruka."

"Na golikipa je? Yeye hukimbilia wapi?"

"Golikipa ni habari nyingine."

"Bwana, tusipimane kwa miguu. Mwanamichezo ni yule atokaye uwanjani mwili wamuuma." Nikamshika Kadzo kiganja nikakifungua mbele yake. Ngozi ilikuwa imeliwa na mafuta, kisha ikaliwa tena na kamba. "Asiyeumia hivi, huyo ndiye si mwanamichezo."

Nilijiona nimesema. Meneja alikitazama kile kiganja, asicheke tena. Kisha akauliza, "Wanaoshika kamba ni wangapi?"

"Wanane," Kadzo akajibu.

"Basi hao wanane nitawaandika. Nawe wavuta wapi, mbele au nyuma?"

Nikamwambia mimi ndiye niwaitaye. Akaomba kuona viganja vyangu. Vina mafuta ya korosho kama vya kila mbanguaji, lakini alama ya kamba havina.

"Kwa maneno yako mwenyewe, mama, wewe humo."

Mdomo huponza kichwa, na wangu umeniponza chumba. Kadzo alilia kuliko mimi. Akasema, "Kama dadangu hayumo, basi nasi hatutaki." Nilimkataza. Ana watoto, na mumewe mgonjwa hatoki kitandani. Nilimwambia asiwe mjinga, kisha nikaenda chooni nikalia peke yangu.

Jumamosi wanavuta na timu ya Malindi, na meneja atakuja kuwatazama kabla ya kuwaandika. Nimefikiri sana nisiende. Nina hasira, Mama, sikufichi. Natamani ninyamaze siku hiyo moja, watu wajue kuita ni nini. Lakini wakishindwa, vyumba vyao havitakuwa vyangu. Nitakwenda, nitawaita.

Nisalimie shangazi, umwambie kanga aliyonipa bado naivaa kila Ijumaa. Mfikishie salamu zangu mjomba wetu mwadhini, na yule jirani fundi cherehani ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii. Fundi, hapa chini soma polepole, Zuhura asiwepo.

Mama, usimwambie tena habari za kuja Kilifi. Januari mpeleke shule ya hapo hapo Vanga. Wakiuliza mzazi wake ni nani, taja jina lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyepo.

Mwanao akupendaye,
Mwanasiti