Urefu wa Risasi na Nyati wa Handeni

Jumapili, 2 Februari

Kanada nzima, kuanzia hapa North York hadi kule juu kunakoishia barafu, hakuna anayeshindilia risasi za bastola kama mimi. Naandika hivyo bila kujisifu. Hata wazungu wa klabu yetu ya kulenga shabaha wanalijua hilo, ila wanaona haya kulisema.

Leo kama Jumapili zote. Chai, maandazi, kisha besimenti. Shemeji Sefu, kaka wa mke wangu, kaja kwa mabasi mawili kutoka Malton, usingizi wa zamu ya mizigo bado umo machoni. Yeye ananipangia maganda yenye baruti, mimi nayakandamizia vichwa vya risasi kwa mkono wa mashine. Vuta, achia. Vuta, achia. Huku namsimulia nyati niliyepambana naye Handeni. Hadithi anaijua kama anavyojua jina lake. Bado anacheka palepale.

Leo nimeongeza pembe. Zimefika upana wa mlango.

Urefu wa risasi sikuupima. Jicho langu linatosha.

Jumamosi, 8 Februari

Aibu.

Bastola ya Sefu imekwama uwanjani, mbele ya watu. Risasi ndefu mno, haikuingia ikaisha. Msimamizi wa uwanja, mzee asiye na maneno mengi, akaitoa. Akachukua nyingine za boksi letu, akazipima kwa kalipa, ile rula ya chuma yenye taya, kutoka kitako hadi ncha, akazisimamisha mezani. Kama watoto wa shule mstarini asubuhi, kila mmoja na kimo chake. Ndefu inakwama, akasema. Fupi ni mbaya zaidi. Baruti inabanwa, bastola inaweza kumpasukia mtu mkononi.

Na mkono wenyewe ni wa Sefu.

Akatupa sharti. Kabla ya mashindano ya mwisho wa mwezi tulete boksi jipya alipime. Zikipishana tena, risasi za kwetu hazitaingia pale, basi.

Nilimwambia kule kwetu Handeni majenerali walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwangu kufuata risasi. Akafunika boksi.

Nikamrudisha Sefu kwa gari. Tulipokaribia kwake akasema, "Shemeji, za dukani si zipo?"

Zipo. Lakini akinunua za dukani, atashuka besimenti kwangu kufuata nini? Hilo sikumwambia. Nilimwambia za dukani ni za watoto.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimempata mchawi. Mashine ya kukaushia nguo. Iko upande wa pili wa ukuta, ikizunguka meza yangu inatetemeka. Nimeizima nguo zikiwa ndani.

Mke wangu akasimama juu ya ngazi. "Na hizo sare za kazini zitavaliwa mbichi?"

"Mama Zuhura, hapa kuna maisha ya kaka yako."

"Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyezileta zifuliwe."

Sefu akacheka. Nikafurahi, nikaingia kwenye nyati. Nikavuta na kuachia mpaka jasho. Tulipopima, zilikuwa zimepishana vilevile. Nyingine nusu milimita nzima.

Sefu akatazama kalipa, akatazama saa. Akaondoka na sare mbichi kwenye mfuko wa plastiki.

Jumatano, 12 Februari

Nimeifungua mashine yote. Humo ndani ya kikandamizio nimekuta nta na vumbi la risasi, vimegandamana. Nikasema, nimekukamata. Nikasugua kwa mswaki mpaka kikang'aa. Maganda nayo nimeyachambua, ya aina moja tu. Niliishia darasa la saba, na hiyo ni kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Mashine haiwezi kunishinda.

Nikakaa peke yangu. Ukimya wa besimenti siuwezi, nikampigia binamu Mrisho wa Tanga, nikaiweka simu mezani, nikawa nafanya kazi naye huku tunapiga soga. Nikamweleza theluji ilivyofunika ghorofa ya tatu hadi watu wakatokea dirishani. Aliamini.

Nikapima. Ndefu, fupi, fupi, sawa, ndefu.

Nimezifumua zote. Sina la kufanya. Sijui nimlaumu nani tena, watu wamekwisha.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwita binti yangu Zuhura anitafutie jibu mtandaoni. Kiswahili anakielewa chote, ila akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu yake: ninunue tu, baba, kuna haja gani.

Sefu hajapiga.

Kazini nakaa juu ya foko ya kunyanyulia mizigo zamu nzima sisemi na mtu. Mke wangu anasema hadithi zangu alizimaliza kwenye fungate. Sasa nikihesabu nani ananisikiliza dunia hii, namkuta Sefu na yule Mrisho wa kwenye simu.

Naogopa. Si bastola ninayoiogopa.

Jumapili, 16 Februari

Kaja. Theluji magotini, nilijua hatakuja, kaja.

Hakukaa kwenye ndoo anayoigeuza kiti siku zote. Akasimama kando ya mashine na kibao chenye vishimo. Kila risasi niliyoitoa akaipanga kwa zamu yake, ya kwanza mwanzo, ya mwisho mwisho. Nikamwuliza anacheza bao? Akasema, "Wewe simulia, shem. Usinijali."

Nikasimulia. Vizuri kuliko siku zote. Mpaka mbu wa Handeni waliingia humo ndani.

Kisha akazipima mojamoja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shem, njoo uone. Hapa mwanzo unatembea porini, risasi ziko sawa. Hapa umesikia kichaka kikitikisika, unanyatia. Ndefu, ndefu, ndefu. Mkono hata haufiki chini! Na hapa," akagonga kibao kwa kidole, "hapa ndipo nyati alipokurukia. Tazama zilivyo fupi. Umempiga nyati na mashine pamoja!"

Nikabisha. Nikasema kalipa ni ya Kichina.

"Haya, nyamaza basi. Boksi moja tu, bila neno."

Nilinyamaza. Mungu anajua ilivyokuwa. Mate yalinijaa mdomoni. Vuta mpaka chini, achia. Vuta mpaka chini, achia. Nilikuwa nasikia maji yakipita kwenye mabomba ya nyumba. Miaka yote hii sikujua kama yana sauti.

Zote sawa. Ukizisimamisha unaweza kuweka sahani juu isicheze.

Sefu akasema, "Ahsante, shemeji." Akanywa kikombe kimoja, akaondoka mapema. Huwa anakunywa vitatu. Cha kumkalisha kilikuwa nini?

Kwa hiyo mambo ni mawili. Nikisema, naweza kumpasua mkono. Nikinyamaza, hana sababu ya kukaa. Aliyeshindwa na mashine anaweza kununua nyingine. Mimi nimeshindwa na mdomo.

Jumanne, 18 Februari

Nimeshindilia boksi la pili. Kimya. Sawa zote.

Sikuona raha yoyote.

Jumamosi, 22 Februari

Mashindano. Msimamizi kapima boksi, kapima tena, kaangalia uso wangu, kapima mara ya tatu. Akatikisa kichwa kukubali. Bastola ya Sefu haikukwama hata mara moja. Alishika nafasi ya kati kwa kati, yeye ni mpigaji wa hivyo, lakini mikono yake yote miwili alirudi nayo.

Watu wa klabu wakauliza siri ni nini. Hapo ndipo pangekuwa pangu. Ningewaambia juu ya majenerali. Nilisema, "Kunyamaza tu." Wakadhani nimewakatalia.

Nikamwambia Sefu sasa maboksi yamejaa, yatamtosha mpaka miti itoe majani. Hahitaji kusumbuka na mabasi. Akasema sawa.

Alisema haraka mno.

Jumapili, 23 Februari

Mchana nikashuka mwenyewe, nikaifunika mashine kwa kanga kuukuu. Nikakaa.

Mlango ukagongwa. Sefu, na mfuko wa sare chafu.

"Kazi hakuna leo," nikamwambia.

"Nimekuja kukausha nguo." Akaiwasha mashine ya nguo, meza ikaanza kutetemeka, akageuza ndoo yake akakaa. "Haya. Uliishia kichaka kikitikisika."

Mikono yangu haikuwa na kitu cha kuvuta. Nikaitumia yote miwili kwenye hadithi. Nyati akatoka, pembe upana wa lango la gereji sasa, nikamkamata, tukabingirishana mpaka mtoni. Sefu alikunywa vikombe vitatu. Mke wangu alikaa kwenye ngazi na sinia la maandazi, akajifanya anapumzika.

Sefu akauliza, "Macho yake yana rangi gani, huyo nyati?"

Nikasema mekundu. Kama makaa.

Sasa wamelala. Hili naliandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Nyati nimemwona mara moja maishani, na ni hapahapa Toronto, kwenye bustani ya wanyama, nyuma ya waya. Si wa kwetu hata, ni yule wa huku mwenye manyoya. Rangi ya macho siijui. Alikuwa amelala.