Kahawa Uliyomletea Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi na Mama tu wazima wa mwili. Nimeshika kalamu kwa kuwa simu zangu hupokei, wala sikulaumu.

Baba yungali katika chumba cha wagonjwa mahututi. Leo ni siku ya kumi na moja. Moyo umerudia mwendo wake, lakini daktari ametueleza, kwa upole uliotuvunja zaidi, kwamba ubongo ulikaa mno bila damu moyo uliposimama, na kwamba tusitarajie azinduke. Mama humnyoa ndevu kila asubuhi. Humwambia aache kujifanya bubu, maana tangu amwoe hajawahi kushindwa na neno.

Najua Shangazi alikupigia akakwambia kuwa kahawa kali uliyomletea Baba likizo iliyopita ndiyo iliyouvuruga moyo wa kaka yake. Mbele ya jamaa wote alisema umeleta sumu ukaiita zawadi. Nilikuwepo. Niliinamisha kichwa, wakadhani nalia.

Tangu Baba akatazwe chumvi, alikuwa akisusa chakula. Alimwambia Mama kuwa mchuzi wake umekuwa maji ya kuoshea vyombo, na daktari kwamba nia yao ni afe akiwa na afya njema. Basi miezi mitatu iliyopita nilinunua chumvi mbadala, ile isiyopandisha presha, nikawa nakoleza bakuli lake kwa siri kabla ya kulipeleka mezani. Baba alidhani Mama amemhurumia, akawa anamkonyeza. Mama, asiyejua lolote, akadhani ni mapenzi ya uzeeni. Nyumba ikacheka tena, nami nikajiona mwerevu.

Chumvi hiyo ni potasiamu. Kwa mwenye figo dhaifu kama za Baba, tena anayemeza vidonge vya presha kama vyake, hujilimbikiza katika damu hadi moyo ukapoteza mpigo. Onyo la figo lilikuwa kwenye kopo. Nililisoma, Kaka, nikaona linawahusu walio wagonjwa kuliko Baba. Alipoanza kulalamika kuwa moyo unaruka pigo, daktari aliuliza anachokula. Nikajibu kwamba chumvi haigusi kabisa, na niliamini nasema kweli. Siku alipoanguka, daktari alistaajabia potasiamu ilivyopanda, akaniuliza tena. Safari hii nilielewa. Nikanyamaza.

Huenda figo pekee zingemfikisha hapo. Huenda hata kahawa ilichangia, siwezi kuapa. Lakini kila nikijitetea, hoja zangu hazifiki mbali.

Sasa wanaomba ruhusa ya kuzima mashine. Mama hatatia saini usipokuwepo, nawe huji kwa kuwa unaamini ulimuua. Njoo umuage. Barua hii uje nayo; Shangazi akianza, mpe aisome kwa sauti. Sitatoka chumbani, nitakuwa hapo nikisikiliza.

Wasalimie watoto, na wifi pia, iwapo atazipokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukinibeba mgongoni