Ndugu Yako Hataki Kushuka Mnarani

Nyumba ya Mtunza Taa,
Rasini.
9 Agosti

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama mdogo na wadogo zangu. Mgongo je, umetulia, au bado unabeba mawe ukijidai kijana? Mimi mwili mzima, ila moyo sina. Namba yako ya zamani haipatikani tena, ndiyo maana naandika. Maji yamenifika shingoni, Baba Mdogo.

Kaka yako amejifungia mnarani. Leo ni siku ya tisa.

Ilianza siku ya dhoruba. Nilikuwa uani naanua nguo, nikasikia kishindo nyuma yangu. Kugeuka, jiko halipo. Bahari imeondoka na chumba kizima, pamoja na kabati la vyombo la marehemu mama. Baba alisimama akatazama pale palipokuwa na mlango. Kisha akabeba godoro lake, akapanda mnarani, nikasikia komeo likiingia.

Kesho yake alikuja mhandisi wa bandari, mwanamke mpole. Alipima ufa ulio kando ya mlango wa mnara. Mkono wangu unaingia humo hadi kwenye kiwiko. Akaniambia, "Dada, sitakudanganya. Mnara huu haumalizi mwezi." Watasimamisha nguzo ndefu ya chuma juu ya kilima, na taa yake itajiwasha yenyewe. Mtunza taa hahitajiki. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini dirisha la juu lilikuwa wazi.

Nikamleta fundi wa kuchomea vyuma avunje mlango. Ni ule uliouweka wewe kwa mikono yako. Aliugusa, akautazama ufa, akarudisha vifaa vyake mfukoni. "Aliyeufunga huu alikuwa fundi kweli," akasema. "Nikiupiga nyundo, ukuta wote utanifuata."

Basi nakaa kwenye kidato cha mlangoni, naongea na baba, aliye juu, kupitia mlango wa chuma. Haniulizi habari za leo hata siku moja. Ananisimulia minara tu, kana kwamba mimi ni karani. Wa mbao, uliojengwa na babu yenu, ukaungua mafuta ya taa yalipomwagika. Wa mawe, wa babu yangu, uliosimama miaka thelathini na minane mpaka mawimbi yakauchimba kwa chini. Halafu huu wa zege, mlioujenga nyinyi wawili na kugombana juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kuta tatu, na ufa haujaondoka.

Kuna jambo hukuambiwa, na mimi nimelijua juzi. Mnara ulipokwisha, wewe ulisema urudishwe nyuma, kwa kuwa udongo wa ukingoni ni mbovu. Ukadhani kaka yako alikupuuza kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Hakukupuuza. Ulipoondoka, alisimamisha mlingoti pale pale ulipopaonyesha, akafunga taa juu yake, akaenda baharini kutazama. Alikwenda mara tatu. Kilima kiliificha taa, na upande ule ndio wenye miamba. Mnara mrefu wa kutosha kukivuka kilima hamkuwa na uwezo wa kuujenga.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia, baba?"

Akajibu, "Alikuwa ameshaondoka. Nami nilikuwa na hasira."

Miaka kumi na moja, Baba Mdogo. Kwa hasira ya watu wawili ambao wote walisema kweli.

Chakula alikuwa akikivuta kwa kapu na kamba. Tangu juzi kapu linashuka na sahani kama nilivyoipandisha. Sauti imekuwa ndogo. Nilimwambia avae viatu ashuke, akasema miguu imevimba, viatu havimwingii. Nimelia, nimemtukana hata, Mungu anisamehe. Sijui tena la kufanya.

Leo asubuhi nilikuta karatasi juu ya sahani. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, lakini mwandiko wake umeharibika, kwa hiyo nakuandikia ilivyosema: "Mdogo wangu, udongo ulikuwa mbovu kama ulivyosema. Komeo nitalivuta kwa kamba toka huku juu, ila vidato siviwezi. Huyu mtoto hatanimudu. Njoo unishushe."

Nahodha wa boti ya bandari anakuletea barua hii kwa mkono. Atakaa huko siku moja, kisha anarudi. Nakupigia magoti, panda naye. Usijibu kwa barua.

Nisalimie mama mdogo, na pacha wote wawili, na shangazi akipita hapo. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na autulize upepo mpaka ufike.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungoja,
Chiriku