Mwezi Uko Mbali Zaidi, Mbona Haujaondoka?

*Barua na jibu lake, kama zilivyosomwa Jumatano jioni katika kipindi cha redio cha Shangazi Apolonia, Iringa.*

Shangazi Apolonia mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia jina langu na la shule usiyataje hewani, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari moja ya huku Ipogolo, nina miaka tisa kazini, na jambo lenyewe ni la aibu, nimemkosea mwanafunzi na kila siku nikisema leo nalirekebisha mdomo unakuwa mzito.

Binti huyo nitamwita Atuganile, siyo jina lake, yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita niliwaonyesha kwenye laptop video ya wanaanga walioko kwenye kile kituo kinachozunguka Dunia, wanaelea, nywele zimesimama, mmoja anakimbiza tone la maji kwa mdomo, na Shangazi sijawahi kuona darasa limechangamka namna ile, mara mtu akilia kule machozi yanaenda wapi, mara ugali utasongwaje, mara wakilala kichwa wanaelekeza wapi, na Atuganile akauliza wale waliokaa huku chini mbele ya kompyuta na hedfoni masikioni ni kina nani na wamesoma nini, maana yeye kuelea hataki ila kazi ile anaitaka.

Nikajibu nilivyoweza. Nikawaambia wanaelea kwa sababu kule hakuna mvutano wa Dunia, ndivyo nilivyofundishwa mimi na ndivyo nilivyofundisha miaka yote tisa. Atuganile akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, Mwezi si uko mbali zaidi? Kama hapo jirani tu mvutano umeshaisha, mbona Mwezi haujaondoka?"

Sikuwa na jibu, na badala ya kusema sina, nikamwambia aulize kwa Kiingereza kwa kuwa Fizikia inafundishwa kwa Kiingereza, na ni kweli ndiyo sheria, lakini kipindi kizima tulikuwa tunaongea Kiswahili na sikuwa nimemkataza mtu. Akaanza, akapata maneno mawili, akakwama, darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Akakaa chini.

Wiki iliyofuata nilikuwa mwalimu wa zamu, nikamkuta juu ya jukwaa la simtanki, lile tangi letu la maji, ameshika chupa ya maji aliyoitoboa chini kwa ncha ya bikari ya hesabu, anaiachia inaanguka, na rafiki yake Goodness amechuchumaa pale chini anaitazama, nikawauliza mnafanya nini na maji yenyewe ya mgao, akasema, "Najibu swali langu, mwalimu." Nikaona ni kiburi. Nikawapa adhabu ya kufyeka siku tatu, nikaondoka na chupa.

Jumamosi nikaikuta ile chupa bado iko kwenye begi langu, nikaijaza maji, yakatiririka pale kwenye tundu kama kawaida, nikapanda kwenye kiti nikaiachia, na Shangazi, chupa ikiwa hewani maji yaliacha kutoka. Tundu liko wazi, kifuniko hakipo, na maji hayatoki. Nilirudia mpaka uwanja ukawa matope na mke wangu Esta akaja kuniuliza kama nina homa. Ndipo nikaelewa kwamba chupa na maji vinaanguka pamoja, hakuna kinachomlemea mwenzake, na wale wanaanga nao wanaanguka, wao na chombo chao, ila wanakwenda mbele kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba kila wakianguka wanaikosa Dunia na kuendelea kuizunguka. Mvutano upo, na ndio huo huo unaoushika Mwezi, uzito tu ndio hausikiki. Nilifurahi sana, halafu nikakumbuka ni nani aliyenifundisha.

Jana Jumatatu, mimi kama mwalimu wa darasa, nimekusanya fomu za kuchagua tahasusi za kidato cha tano. Atuganile, anayeongoza Fizikia tangu kidato cha pili, amekata PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, akaandika HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili. Nikamuuliza kwa nini ameacha sayansi. Akasema, "Fizikia siyo ya watu wa Kiingereza kama changu, mwalimu." Fomu zinakwenda kwa mkuu wa shule Ijumaa hii. Mwenzangu Sosthenes ananiambia ninyamaze, eti mwalimu akikiri kosa mbele ya wanafunzi hawatamsikiliza tena, na mimi nimewaza nichukue kalamu niirudishe PCM kimya kimya, au nimwite ofisini nimweleze peke yake, na hata hilo naona aibu. Nifanyeje?

*Mwalimu wa Fizikia, Ipogolo*

Shangazi Apolonia anajibu:

Marahaba, mwanangu, na kamwene, kama tunavyosalimiana kwa Kihehe. Barua yako imenifikia jana kwa WhatsApp, nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa ajili ya hiyo Ijumaa.

Umenikera na umenifurahisha. Nianze na kunikera. Yule binti hakukosa Kiingereza, wewe ndiye uliyekosa jibu, ukambebesha yeye. Sheria ya Kiingereza umeiweka kabatini kipindi kizima, ukaja kuitoa kwa mtoto mmoja, kwa swali moja. Halafu ukacheka, mtu mzima na shahada yako. Na alipokwenda kufanya jaribio ambalo wewe ndiye ungepaswa kumfanyia, ukampa fyekeo.

Haya. Kilichonifurahisha ni kwamba ulipanda juu ya kiti. Mwingine angeitupa ile chupa jalalani. Mimi nina miaka sitini na tatu na nilikuwa najua kama ulivyojua wewe, kwamba ukifika huko juu mvutano umekatika. Nikampigia mpwa wangu Anania, anafundisha chuo huko Mbeya, nikamsomea barua yako. Akasema binti yuko sahihi, na kwamba kama ungejenga mnara ukafika pale kituo kinapopita, ukasimama kileleni juu ya mizani, ingesoma karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wako wa Ipogolo. Nikamuuliza na yale machozi. Anasema hayashuki, yanajikusanya jichoni kama tone moja nene mpaka uyapanguse. Tangu jana nayawaza machozi hayo. La ugali hajui.

Nikamuuliza na lile la watu wa hedfoni. Anasema kwa kila mmoja anayepanda kuna maelfu wasiopanda, wanaopiga hesabu za njia ya chombo, wanaotengeneza yale mavazi, madaktari wa mifupa kwa sababu kule mifupa inadhoofika, na wengine kazi yao ni satelaiti zinazotazama mvua na mashamba. Hakuniambia ni rahisi, wala hakuniambia binti atafika. Alichosema ni kwamba huko kunaingiwa kwa Fizikia na Hisabati, na Kiingereza mtu hujifunza njiani, ila lile swali la Mwezi hakuna aliyemfundisha, kalitoa kichwani mwake.

Sasa nisikilize. Kalamu weka chini. Fomu ni ya binti, na ukiijaza wewe utakuwa umemfunga mdomo mara ya pili. Ofisini pia usimwite. Alichekwa mbele ya darasa, asafishwe mbele ya darasa hilo hilo.

Kesho Alhamisi ingia na chupa. Sema kwa Kiswahili, wasikie wote, kwamba ulifundisha vibaya, kwamba aliuliza sawasawa na wewe hukujua. Kisha mpe chupa aonyeshe yeye, wewe simama pembeni. Waombe msamaha, yeye na mwenzake, kwa ile adhabu. Jioni kaa naye umfundishe kuliuliza swali lake kwa Kiingereza, taratibu, maana mtihani utamdai Kiingereza hata kama wewe humdai. Halafu mrudishie fomu, umwambie ana mpaka Ijumaa. Akiandika HGK tena, ipeleke kama ilivyo, bila kununa. Sababu aliyokupa ni ya uongo na uongo huo ulimpa wewe. Ukishauondoa, kuchagua ni kwake.

Sosthenes msalimie. Mwambie mimi nilifundishwa Tosamaganga na padri mmoja aliyekuwa anasema "sijui, hebu tutazame" karibu kila wiki, na hatukuthubutu kupiga kelele kwenye kipindi chake.

La mwisho. Uliomba nisitaje jina lako, sijalitaja. Lakini mwanangu, umeniandikia simtanki, umeniandikia bikari, umeniandikia swali la Mwezi neno kwa neno, na kipindi hiki kinasikika Ipogolo yote. Nilitaka kuyaruka hayo nilipokuwa nasoma, nikaona mtu anayetaka kujificha haandiki hivi. Wanafunzi wako sasa hivi wako majumbani, redio ziko wazi, na wameshajua ni nani. Na binti, kama anasikiliza, ameshajua kwamba hakukosea. Hiyo aibu uliyokuwa unaiogopa imeshapita, imechukua kama dakika tano. Kesho nenda kafundishe.