Jina la Lumbesa Ulimpa Wewe

Mdogo wangu Festo,

Kamwene. Ile barua isiyo na jina, iliyosomwa mbele ya wazee wa usharika ikakufungia banda lako la video, niliiandika mimi. Niliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usinitaje, na nikakosea maneno mawili makusudi ili mtu asidhani ni kazi ya mwalimu. Miaka kumi na mitano nimekaa na jambo hilo. Barua hii ya leo nimeomba ichapwe wazi, asome anayetaka, kwa sababu na wewe uliaibishwa wazi.

Usiiweke chini kwanza. Ina mambo ya kuchekesha pia, na sehemu kubwa ya kicheko hicho ni yako.

Wiki mbili zilizopita Lusungu, mjukuu wangu anayesoma chuo hapa Iringa, alinisindikiza Mbeya kwa daktari wa moyo. Daktari ni kijana mpole sana. Aliniuliza kama watoto wangu wako karibu, kama nalala vizuri, kama kuna jambo ambalo ningependa kulifanya. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, Festo. Najua mtu anavyoongea akiwa ameshika majibu mabaya ya mtihani mkononi. Tulipotoka nje Lusungu akaniuliza, "Babu, gari letu ni kesho asubuhi. Sasa tufanye nini?" Nikamwambia anipeleke popote penye watu wanaocheka.

Alasiri ile akanipeleka sinema. Mlangoni palikuwa na bango kubwa, na juu ya bango mtu ameshika radi mkononi kama mtu aliyeshika mundu. Nikasimama na fimbo yangu nikamtazama. Amenenepa kidogo, na nguo yake siku hizi inang'aa zaidi, lakini alikuwa ni yeye.

"Unamjua, Babu?" Lusungu akacheka. "Hii ni sehemu ya pili. Watu wameisubiri miaka na miaka."

Kama namjua! Unakumbuka banda letu, mdogo wangu? Matofali ya udongo, bati juu, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa ghala. Nasema letu, ingawa mbele ya watu lilikuwa lako peke yako. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa ukuta wa pili, na ikiwashwa pumba ziliingia mpaka kwenye televisheni, picha zote zikawa za kijiji chenye vumbi kama chetu. Wafugaji waliohamia kwetu Usangu kutoka kaskazini waliacha fimbo zao zimeegemea mlangoni, maana ulikataza kuingia nazo tangu siku mmoja wao alipomchapa adui kwenye kioo. Nyuma ya pazia la kitenge cha mama nilikaa mimi, mzee wa usharika, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nimefunika maikrofoni kwa leso ili sauti yangu isijulikane, natafsiri.

Nilitafsiri vizuri. Ruhusu nijisifu hapo. Kila sentensi niliipa haki yake. Adui akisema hatatambua mamlaka ya baraza, nilisema, "Sitatambua mamlaka ya baraza." Watu walisikiliza kwa adabu.

Kisha ikaja Jumapili ile ya sehemu ya kwanza ya huyu mtu wa radi. Nilikuwa na mafua, nikaimba besi ibada nzima, na saa nane mchana sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nikakuandikia kwenye karatasi: ahirisha. Ukachungulia nje ya pazia. Banda lilikuwa limejaa mpaka watoto wanakalia magoti ya watu wasiowajua. Ukachukua maikrofoni mkononi mwangu, ukasema, "Kaka, we kunywa tangawizi yako."

Kiingereza chako chote wakati ule kilikuwa salamu za asubuhi. Baba aliweza kusomesha mmoja, na huyo akawa mimi. Nilikuwa nasubiri uanguke ili nikuokoe kwa karatasi.

Adui akatokea na lile koti lake jeusi lililofura kifuani. Ukasema, "Haya, mmemwona Lumbesa? Huyu akija kununua mpunga wako, gunia analijaza mpaka linavaa kofia, halafu anakwambia ni gunia moja." Banda zima likaguna kwa hasira. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kujaziwa lumbesa. Mtu wa radi akapanda juu ya ghorofa. "Anko Radi huyo. Mama yake alimkataza kupanda bati, haambiliki." Halafu likaja lile daraja, na yule bibi mwenye nywele nyeupe aliyesimama katikati yake. Mimi nilimsikia. Alikuwa mtaalamu, anamwelekeza njia ya kufika kwenye mtambo. Wewe ukashusha sauti.

"Shangazi yake huyu. Anamwambia, baba yako tumemzika Alhamisi, wewe ulikuwa wapi? Umeme wote huo unao, simu huna?"

Walicheka, halafu nikasikia mtu analia. Picha ilipoisha walikataa kutoka. Ukairudia.

Siku chache baadaye ile barua ikasomwa. Unajua nani aliisoma? Ni mimi, kwa sauti yangu iliyopona, nikikwama kwenye yale maneno mawili yaliyokosewa kana kwamba yananitatiza. Ilisema banda linawanyang'anya watoto mafundisho ya Jumapili. Wazee wakakuuliza nani alikuwa anatafsiri zile picha, na wewe ukajibu, "Mimi mwenyewe." Hakuna aliyejiuliza mtu wa darasa la nne alikitoa wapi Kiingereza cha picha nzima nzima. Ulinitazama mara moja tu. Nikafungua Biblia, nikatafuta andiko ambalo sikulihitaji.

Ukatengwa na meza ya Bwana, banda likafungwa, ukaenda Makongolosi, kule Chunya, kusaga mawe ya dhahabu. Tangu hapo tunasalimiana kwa simu Krismasi na kwenye misiba, kama watu waliowahi kukaa kiti kimoja kwenye basi.

Sasa nirudi Mbeya. Ukumbi ulikuwa na viti vya kuzama, ukikaa huinuki bila msaada. Picha ilikuwa ya Kiingereza kitupu, hakuna anayetafsiri. Nikajiandaa kumnong'oneza Lusungu, nikasahau kwamba yeye hahitaji tafsiri. Karibu yangu alikaa baba mmoja mnene mwenye koti la bodaboda na ndoo ya bisi, pamoja na wenzake safu nzima. Taa zikazimwa. Lile koti jeusi lililofura likatokea kwenye moshi, na yule baba akaruka.

"Jamani! Lumbesa karudi!"

"Si alikufa?" wa nyuma akauliza.

"Alitumbukia mtoni tu. We ulikuwa husikilizi?"

"Kaa chini, unatuziba!"

"Nikae vipi na Lumbesa yuko hapa? Anko Radi, nyuma yako! Nyuma!"

Safu yote ikamwitikia. Huku Anko Radi, kule Lumbesa, na vijana wa mjini waliokuwa mbele wakageuka kuangalia hawa ni watu gani. Lusungu akaniinamia. "Babu, mbona wanamwita Lumbesa? Jina lake ni jingine kabisa." Nilikuwa nacheka mpaka kifua kikaniuma, na yeye alikuwa anashindwa kujua anipe dawa au aniache.

Nikamgusa yule baba. "Kijana wangu, hilo jina umelipata wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua linatoka wapi. "Mzee, hilo ndilo jina lake. Sisi wa Usangu tunajua. Hawa wengine wamesoma bango tu." Akanisogezea ndoo. "Karibu bisi, mzee wangu."

Nikachota. Akaendelea kunieleza, macho yake kwenye picha. "Kwetu kulikuwa na DJ mmoja, DJ Festo. Nilikuwa darasa la tano. Huyo alikuwa anatafsiri mpaka unaona hata wewe umo kwenye picha. Mnafiki mmoja akaandika barua, wakamfukuza. Ningemjua huyo mtu!"

"Ungemfanya nini?" nikamuuliza.

"Ningemnyima bisi."

Nilikuwa na bisi zake mdomoni, Festo. Sikuzimeza wala sikuzitema mpaka picha ilipobadilika.

Na mwishoni, ungekuwepo! Mtu wa radi amepigwa, nguo imechanika, anarudi kwenye lile daraja. Yule bibi yupo, amezeeka zaidi yangu. Anamshika mabega, anamwambia neno fupi, anamvuta ndani ya kibanda cha pembeni. Safu yetu yote ikasimama. Yule baba alikuwa analia wazi, machozi yanaingia kwenye bisi. "Shangazi amemsamehe!" akapiga kelele. "Jamani, amemsamehe!" Ukumbi mzima ukapiga makofi, hata wale wa mjini wasiojua msiba wala Alhamisi. Mimi nilisikia vizuri alichosema bibi. Alimwambia afunge mlango. Lakini nilisimama pamoja nao, kwa fimbo na mkono wa Lusungu, nikapiga makofi.

Nje nilishindwa kumwambia yule baba mimi ni nani. Nimekuambia wewe kwanza. Akikuta haya yamechapwa, ajue kwamba zile bisi zilikuwa tamu na kwamba ana haki ya kuzidai.

Njoo Iringa, mdogo wangu. Basi la asubuhi likikutoa Chunya utalala Mbeya, kesho yake uko kwangu. Kitanda changu kiko dirishani, yanaonekana malori ya barabara kuu kule bondeni. Lusungu amesema picha hiyo ataniwekea kwenye kompyuta yake. Macho yangu hayaoni vizuri tena na hadithi sikuielewa yote, nilikuwa nawatazama watu. Sitasema neno. Utaniambia Lumbesa amerudi kutafuta nini, na shangazi alisema nini darajani. Usipotaka kuja, nitaelewa, na bado nitafurahi kwamba kule Usangu jina ulilolitoa kichwani kwako limeishi zaidi kuliko tafsiri zangu zote.

Limebaki moja. Miaka yote hii nimejiambia niliandika ile barua kwa ajili ya watoto na mafundisho yao ya Jumapili. Wewe pia najua ndivyo ulivyoamini, kwamba mwandishi, yeyote yule, alikuwa mtu wa dini kupita kiasi. Si kweli. Jumapili ile watu walipokuwa wanatoka, wafugaji wakichagua fimbo zao mlangoni, mama mmoja alipita karibu na pazia akasema, "Leo DJ kaamka! Siku zote alikuwa anatusomea ripoti ya kikao." Wakacheka. Wewe pia ulicheka, halafu ukakumbuka nimekaa pale na kikombe changu cha tangawizi, ukanyamaza kwa ajili yangu. Jioni ile, kabla taa haijawashwa, nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Nilikuonea wivu, Festo.

Kaka yako,
Mwalimu